Laini Mbili, Nguzo Moja

Kwanza niungame.

Taasisi moja hapa Moshi inayotoa huduma ya gari la wagonjwa (sitaitaja, msinipigie simu) ilizindua kituo kipya cha kupokea simu. Nikaalikwa. Palikuwa na hema, viti vyenye vitambaa, soda, mgeni rasmi, na mwisho wa shughuli ile bahasha ambayo sisi waandishi tunaiita "nauli". Mkurugenzi akasema simu zote sasa zinapita kwenye intaneti. Akasema wana kampuni mbili za intaneti, ya kwanza ikizimika ya pili inapokea. Akasema mfumo huu haulali. Nikaandika hivyo hivyo. Kichwa cha habari nilikitunga mwenyewe: Mfumo Usiolala. Mhariri akakipenda. Nami nikajipenda.

Sikuuliza swali hata moja. Nauli ilikuwa mfukoni, na Dabo Rodi kulikuwa na nyama choma.

Masika yaliyofuata nilikuwa Uru kwa bibi. Saa nane usiku pumu ikambana. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Uru, ambayo hainyeshi bali inamwagwa. Nikatoa simu, nikapiga namba ambayo mimi mwenyewe niliiandika gazetini. Kimya. Si kile kimya cha mtu aliyelala akaacha simu iite. Haikuita kabisa. Nikasubiri, nikakata, nikapiga tena. Kimya. Mara ya tatu sauti ya dada yule mnayemjua ikaniambia namba ninayopiga haipatikani.

Aliyetuokoa ni Mangi wa dukani, mwenye pikapu ya kupeleka ndizi Mbuyuni. Bibi alishushwa mjini usiku ule kati ya mikungu ya ndizi, kafunikwa turubai, kashika msalaba wa rozari mkono mmoja na mkono wangu mkono mwingine. Akapona. Siku tatu baadaye, akiwa bado kitandani, akaniuliza kwa upole wake ule unaouma kuliko kofi: "Mjukuu wangu, ile simu yenu isiyolala, ililala wapi?"

Ndugu msomaji, makala hii ni jibu langu kwa bibi. Nimechelewa, lakini nimelitafuta kwa miguu yangu.

Nilimtafuta fundi anayejua mitambo ile. Sitamtaja naye, ana watoto. Tulikaa kwenye kigahawa karibu na stendi, akageuza karatasi ya menyu akaanza kuchora. Alipomaliza nilitamani kucheka, nikashindwa.

Kampuni za intaneti kweli ni mbili. Bili ni mbili, mikataba ni miwili, nembo ukutani ni mbili. Ila nyaya za faiba za kampuni zote mbili zilikuwa zimetundikwa kwenye nguzo zile zile, kutoka jengoni mpaka njia panda. Usiku ule mti wa mgrevilea uliangukia nguzo moja. Zikakatika zote mbili kwa pamoja, kama mapacha wanaolia pamoja.

Ruta nazo ni mbili. Zimechomekwa kwenye UPS moja, ambayo betri zake zilikuwa zimevimba tangu mwaka wa juzi.

Kulikuwa na akiba ya tatu, modemu ya laini ya simu ya mkononi. Hii kweli haikuwa kwenye nguzo. Ila kifurushi kilikuwa kimeisha. Jamani, kifurushi! Mtambo wa mamilioni ulizimika kwa kukosa vocha.

Na hata kama intaneti ingekuwepo, namba yenyewe ilikuwa imeelekezwa mahali pamoja tu. Kampuni ya simu inayoimiliki ile namba iliambiwa: mtu akipiga, mpeleke kwenye mtambo huu. Hakuna aliyeiambia: mtambo huu usipoitika, mpeleke kule.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba niliandika uongo gazetini. Waliokuwa na laini mbili hawakuwa na njia mbili. Walikuwa na bili mbili na nguzo moja.

Sasa twende taratibu, maana najua wasomaji wangu wengi mmesoma, na wengine mnafanya kazi kwenye ofisi hizi hizi ninazozisema.

Simu ya kupitia intaneti, hiyo wanayoiita VoIP, inaivunja sauti yako vipande vidogo vya data na kuvisafirisha kama barua pepe zinavyosafiri. Ni jambo zuri. Ni nafuu. Msichana aliyekaa Moshi anaweza kupokea simu iliyopigwa Rombo au Mtwara, na bosi akaona kwenye kompyuta ni wangapi wanasubiri. Zamani haikuwa rahisi hivi. Mpaka Februari 2005 TTCL ndiyo iliyokuwa na haki ya pekee ya simu za mezani Bara. Leo kijana aliyemaliza chuo, akiwa na kompyuta ya kawaida na programu ya Asterisk, ambayo ni ya bure na iliandikwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, anaweza kujenga kituo kizima cha simu chumbani kwake Soweto au Pasua. Siipingi teknolojia hii. Napinga uvivu unaojificha nyuma yake.

Hesabu ni hii. Chukua laini moja ya intaneti inayofanya kazi asilimia 99 ya muda. Inaonekana nzuri, hata mwanafunzi angefurahi kupata 99. Lakini asilimia 1 ya mwaka ni zaidi ya siku tatu na nusu za ukimya. Ukiongeza laini ya pili ya kiwango hicho hicho, na kama kufa kwa moja hakuhusiani kabisa na kufa kwa nyingine, muda wa zote kuzimika pamoja unashuka mpaka kama dakika 53 kwa mwaka. Kutoka siku tatu na nusu mpaka dakika 53! Hiyo ndiyo hesabu ambayo wauza mitambo wanaipeleka kwa wakurugenzi.

Wanachomeza ni yale maneno "hakuhusiani kabisa". Zikipita nguzo moja, zinahusiana. Zikila umeme wa soketi moja, zinahusiana. Zikiingia jengoni kwa tundu moja, zinahusiana. Hapo hesabu ya dakika 53 ifute, rudi kwenye siku zako tatu na nusu, na bili umelipa mara mbili.

Babu yangu, ambaye hakuwahi kushika kompyuta, angelielewa hili bila karatasi. Sisi watu wa mlimani tumelima kwa mifongo karne na karne, mifereji ile inayochepusha maji ya mto na kuyatembeza pembeni mwa vilima mpaka vihambani. Mifongo miwili iliyochepushwa mto mmoja ni mfongo mmoja tu siku mto unapokauka. Na mfongo ulikuwa na sheria: siku ya kusafisha wote wanatokea na majembe, asiyetokea anatozwa faini. Hakuna aliyesubiri migomba inyauke ndipo akaangalie kama maji yanapita. Wazee wale walijua mambo mawili ambayo wasomi wetu wenye vyeti vya ukutani hawayajui: kuangalia chanzo, na kupima kabla ya shida.

Msidhani haya ni ya Moshi tu. Nchi nzima ilifundishwa somo hili Jumapili ya Mei 12, 2024. Siku ile nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika huko pwani ya Afrika Kusini. Nyaya mbili, wamiliki tofauti, majina tofauti. Seacom ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na kila mara tulipiga makofi tukaambiwa sasa tuna njia mbadala. Kumbe mbadala ilipita jirani na ile ya kwanza. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa na jeraha tayari: Februari mwaka ule ule nyaya kadhaa, Seacom ikiwemo, zilikatika Bahari ya Shamu, eneo ambalo meli Rubymar, iliyopigwa na kombora la Wahouthi, ilikuwa ikielea na kuburuta nanga. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga milango kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao. Ubalozi wa Marekani, jamani, siyo duka la Mangi!

Nguzo ya Moshi na nyaya za bahari ya Hindi ni hadithi moja. Tofauti ni urefu wa waya.

Turudi kwenye simu yenyewe, maana hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, hata walioajiriwa kulijua. Kuna simu zinazotoka na simu zinazoingia. Zinazotoka ni rahisi: mtambo wako ukiona njia ya kwanza imekufa unachagua ya pili. Zinazoingia ndizo ngumu, kwa sababu anayeamua njia si wewe. Ni kampuni yenye namba. Ukinunua laini kumi za intaneti bila kukaa na kampuni hiyo na kuandikishana kwamba ikishindwa hapa ielekeze pale, ikishindwa pale ielekeze kwenye simu hizi za mkononi, umejenga nyumba yenye milango kumi na njia moja ya kuifikia.

Tena kuna suala la muda. Itifaki ya SIP, ambayo ndiyo lugha ya mitambo hii, kwa kanuni zake za mwaka 2002 inaruhusu mtambo kusubiri mpaka sekunde 32 kabla haujakata tamaa na mwenzake asiyejibu. Kaa kimya uhesabu sekunde 32 sasa hivi. Hesabu kweli. Sasa hesabu tena ukiwa umemshika bibi yako asiyeweza kuvuta pumzi. Mimi nilikata simu kabla hazijafika. Wewe ungesubiri?

Dawa yake ipo na haina gharama. Unaiambia mitambo ijuliane hali kila baada ya sekunde chache, kama majirani wanaogongeana ukuta: upo? nipo. Upo? ...kimya. Basi asiyejibu anaondolewa kwenye orodha kabla simu ya mtu haijaingia, na mpigaji hata hajui kuna kilichotokea. Ni mistari michache ya maelekezo. Fundi aliniambia ni kazi ya alasiri moja. Kwa nini haikufanywa? "Hakuna aliyeniuliza," akanijibu. Nikatazama chini. Mimi nilikuwa pale na kalamu, na sikuuliza.

Najua watakavyonijibu. Nimeshawasikia.

Wa kwanza watasema sisi ni nchi maskini, mambo ya njia mbili tuwaachie Wazungu. Uongo. Simu moja ya sauti nzuri isiyobanwa inakula kama kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Simu 20 kwa wakati mmoja hazifiki megabiti 2. Hiyo ni chini ya kile kijana mmoja anachotumia kutazama mpira kwenye simu yake. Ukimtoa yule anayeangalia mpira ofisini, umeshapata njia ya akiba. Gharama ya hema, soda na nauli zetu waandishi siku ya uzinduzi ingelipa kifurushi cha modemu kwa miaka.

Wa pili, hawa ni wale wenye vishikwambi, watasema siku hizi kila kitu kiko kwenye wingu, kwa hiyo hakuna mtambo wa kuharibika. Haya. Wingu lipo, tena ni msaada mkubwa, kwa sababu mtambo ukiwa nje ya Moshi mgrevilea hauufikii. Lakini wewe unalifikiaje hilo wingu? Kwa nguzo ile ile! Kuhamisha jiko ng'ambo ya mto hakukujengei daraja.

Wa tatu watasema tatizo ni umeme. Kweli, umeme ni tatizo. Aprili 1, 2024 gridi ya taifa ilipata hitilafu, tukalala gizani nchi nzima. Machi 2025 Rais Samia, akiwa mkoani kwetu hapa, alieleza kwamba umeme unaosafiri umbali mrefu mpaka Kaskazini unapotea mwingi njiani, ndiyo maana ya mpango wa kununua wa Ethiopia kupitia Kenya. Watu wakabishana wiki nzima mitandaoni. Mimi nilichokisikia pale ni hiki: hata serikali inakubali kwamba aliye mwisho wa waya anahitaji waya mwingine kutoka upande mwingine. Kama ni kweli kwa umeme, kwa nini isiwe kweli kwa simu ya mgonjwa? Na kama unajua umeme unakatika, kwa nini betri zako zimevimba?

Kuna na jambo la nne ambalo hawatalisema, basi nalisema mimi. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurejea Novemba 3. Kila mtu na maoni yake juu ya siku zile, na leo siyo mada yangu. Mada yangu ni simu. Kituo kilichotegemea intaneti ya kawaida peke yake, hata kingekuwa na kampuni tano kwa njia tano, siku zile kilikuwa bubu. Mgonjwa wa pumu hachagui tarehe. Kwa hiyo njia ya mwisho ya akiba haipaswi kuwa intaneti nyingine. Inapaswa kuwa kitu cha aina nyingine kabisa. Kwa lugha ya kijiweni: kitochi. Kitochi cha bei ndogo, chenye laini ya kampuni nyingine, chaji imejaa, kipo mezani kwa mlinzi wa zamu ambaye anajua dereva analala wapi. Na namba ya kitochi hicho iandikwe getini, kanisani, msikitini na kwenye ukuta wa zahanati. Mtaalamu atakayecheka kitochi, mwambieni aje alale Uru usiku wa masika.

Nasisitiza kwa sababu simu kwetu siyo anasa. Zimamoto ni 114. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima Aprili 2022, unasimama juu ya namba moja, 115: simu inapigwa bure, anayepokea anatafuta gari la wagonjwa au dereva wa kijijini aliyesajiliwa, mjamzito anafikishwa hospitali. Ni mpango mzuri na sina neno nao. Ila uangalie vizuri: kiungo cha kwanza kabisa ni simu kupokelewa. Daktari yupo, damu ipo, gari lina mafuta, lakini simu isipofika vyote hivyo ni mapambo.

Na hapa ndipo panaponiuma mimi mtoto wa mlimani. Agosti 2022 tulishangilia TTCL ilipopeleka intaneti ya kasi Mlima Kilimanjaro, Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Niliandika hata ile. Mtalii akapata kutuma picha kabla jasho halijakauka. Safi, watalii wanatulisha. Lakini kati ya Horombo na Moshi mjini kuna watu. Kuna Marangu, Mwika, Kilema, Old Moshi, Uru, Kibosho, Machame. Kuna wabibi ambao watoto wao wote wako Dar, wanaoachiwa simu moja na namba moja ya dharura iliyoandikwa kwa kalamu ya kunoa juu ya mlango. Tumeweza kufikisha selfi ya mgeni Ulaya kutoka kileleni. Tumeshindwa kufikisha sauti ya bibi mjini, kilomita chache tu chini.

Basi ninataka nini? Sitaki kamati. Nataka kila taasisi inayotangaza namba ya dharura ifanye jambo moja: Jumanne moja asubuhi, mbele ya watu, mkurugenzi achomoe waya wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Kisha mtu aliyesimama Kiboriloni apige. Ikipokelewa, arudishe waya wa kwanza na kuchomoa wa pili. Kisha azime umeme. Kisha azime kila kitu, mlinzi apokee kwa kitochi. Wafanye hivyo kila baada ya miezi mitatu, kama wazee walivyosafisha mfongo, na mhusika asiyetokea atozwe faini. Akiba isiyopimwa ni sala tu, na sala tunayo tayari ya bure.

Na sisi waandishi wa habari je? Nimejiwekea sheria, nawaomba wenzangu tushirikiane. Tukialikwa tena kwenye uzinduzi wa "mfumo wa kisasa", kabla ya kugusa soda tuulize: hizo nyaya mbili zinaingilia wapi? Tuonyesheni nguzo. Mwenye namba ameambiwa simu ikishindwa iende wapi? Mara ya mwisho mlichomoa lini? Wakikasirika, hiyo ndiyo habari. Wakitupa bahasha nene zaidi, hiyo ni habari kubwa zaidi.

Wiki iliyopita nilipita ile njia panda. Nguzo imesimikwa mpya, nzuri, imenyooka. Nikainua macho. Nyaya mbili, bega kwa bega, kwenye nguzo ile ile.

Nimemwambia bibi. Hakusema neno. Alichukua daftari langu, akaniomba nimwandikie namba ya Mangi wa dukani juu ya mlango, juu ya ile ya zamani, kwa herufi kubwa.

Kama kuna mkubwa niliyemkwaza leo, nimekuja kwake na jani la sale mkononi, kama mila yetu inavyotaka, kuomba radhi kwa ukali wa maneno. Kwa maneno yenyewe siombi radhi.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, kabla hujalala leo ipigie ile namba ya dharura ya ofisini kwenu. Uone kama inaita.